Kanzidata ya kolamu: jumla za kilo zinatoka haraka, stakabadhi moja inachelewa

Naliendele_24
Wakuu, habari za kazi. Hapa Mtwara tunatunza kumbukumbu za mizani ya korosho za AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima) kwenye ClickHouse, kanzidata inayohifadhi kila kolamu peke yake: mistari milioni 40, kolamu 24, ORDER BY (muda, wilaya), yaani data imepangwa kwa muda kisha wilaya. Jumla ya kilo kwa wilaya na daraja inatoka fasta. Mkulima akija na namba ya stakabadhi, SELECT * inasuasua. Halafu kila mzigo ukipimwa tunaingiza mstari mmoja, na sasa msimu umepamba moto tunapata kosa la "Too many parts". Tatizo nini?

Kitangari
Mkuu, faharasa ya ClickHouse haiweki anwani ya kila mstari kama B-tree (faharasa ya kawaida) ya PostgreSQL. Inapanga data kwa ORDER BY yako, inaikata mafungu ya mistari 8192, kisha inakumbuka ufunguo wa mstari wa kwanza wa kila fungu. Kwako ni mafungu kama 4,883 tu, ndiyo maana faharasa inaenea kwenye RAM bila shida. Ila namba ya stakabadhi haimo kwenye ufunguo (kolamu za ORDER BY), kwa hiyo hakuna fungu la kuruka: kolamu ya namba inasomwa yote. Na SELECT * inakwenda kufungua faili za kolamu zote 24, kila moja imebanwa kivyake, kwa ajili ya mstari mmoja. Taja kolamu unazozihitaji tu.

Kisha ongeza bloom filter, kichujio kinachoonyesha mafungu ambayo hakika hayana namba unayotafuta ili yarukwe:

ALTER TABLE mizani ADD INDEX ix_namba namba TYPE bloom_filter(0.01) GRANULARITY 1;
ALTER TABLE mizani MATERIALIZE INDEX ix_namba;

Usiruke amri ya pili, maana bila hiyo data ya zamani haiguswi. Hiyo 0.01 ni kosa la 1%, yaani kichujio kudhani namba imo wakati haimo: utasoma mafungu kama 50 ya bure badala ya yote.

ORDER BY nayo ibadilishe. Muda wenye sekunde ukitangulia, wilaya haisaidii kitu. Weka (wilaya, amcos, muda): mistari ya wilaya ya Tandahimba ikifuatana maelfu kwa maelfu, kolamu inabanwa vizuri mno. Wilaya, ghala na daraja zipe LowCardinality(String), aina ya kolamu kwa maneno machache yanayojirudia. Itabidi uunde jedwali jipya na kuhamisha data.

Mikindani_Data
Hilo kosa la "Too many parts": kila INSERT inazaa kipande kipya kwenye diski, na kazi ya kuviunganisha nyuma ya pazia imezidiwa. Kusanya mistari 10,000 au zaidi ndipo uingize. Ikishindikana, washa async_insert = 1 ili seva yenyewe ikusanye mistari, na wait_for_async_insert ibaki 1 ili programu ijue data imeandikwa kweli. Kama umegawa jedwali (PARTITION BY) kwa siku, vipande huzidi; gawa kwa mwezi, toYYYYMM(muda).

Nachingwea_DB
Bloom ni sawa, lakini dirisha la kuhudumia wakulima mimi ningeliacha PostgreSQL, namba ikiwa ufunguo mkuu. Kilo hurekebishwa, na ALTER TABLE ... UPDATE huandika upya kolamu nzima ya kila kipande kilichoguswa, hata kwa mstari mmoja. Usiku unahamishia ClickHouse kwa mkupuo.

Naliendele_24
Shukrani wakuu. Na ReplacingMergeTree, jedwali linalobakiza mstari mpya pale ufunguo unapofanana, kwa hayo marekebisho?

Kitangari
Inafaa, ila mstari wa zamani huondoka vipande vikiunganishwa tu. Kabla ya hapo kilo zinahesabiwa mara mbili, labda uweke FINAL kwenye SELECT ili marudio yaondolewe wakati wa kusoma. Tena inalinganisha ORDER BY nzima, kwa hiyo namba iwemo mwishoni. Muda wa kupima ukirekebishwa, mistari yote miwili itabaki.