"Sana" moja, vielezi vingi vya Kiingereza

Karani wa Ilemela
Ndugu zangu, mimi ni karani katika kiwanda kimoja cha minofu ya sangara hapa Mwanza. Wiki iliyopita, nikitaka kumhakikishia mteja wa nje kwamba tumeukagua mzigo wake kwa bidii, nilimwandikia "we have hardly checked the fish", naye akajibu kwa mshangao akiuliza kwa nini hatukuukagua. Bosi wangu alipopekua barua zangu nyingine, alisahihisha pia "we very regret" na "it rained strongly". Kwa Kiswahili "sana" ingenitosha kote huko. Je, ipo kanuni ya kujua kielezi kipi hufuatana na neno lipi?

Mwalimu wa Nyegezi
Pole, ndugu Karani. "Hard" ni kielezi tayari bila kuongezewa chochote, ilhali "hardly" maana yake ni "kwa nadra" au "karibu hapana kabisa", kwa hiyo mteja alikusoma sawasawa. Ulihitaji "carefully" au "thoroughly".

Kanuni ya kutosheleza haipo, kwa kuwa jambo lenyewe ni mazoea ya wasemaji, nasi tunayo ya kwetu: mtu hulala fofofo, hulowa chepechepe, giza huwa totoro na shuka huwa nyeupe pe, wala hutamsikia mtu akisema mtoto amelala pe. Mwingereza naye husema "fast asleep", ingawa "fast" hiyo si ya mwendo, bali ni ile ya zamani yenye maana ya kushikamana imara. Kwa jumla, majuto na shukrani hupenda "deeply", kukubali na kupinga hupenda "strongly", mvua hupenda "heavily". Mara chache lugha hizi mbili hukutana: kulia kwa uchungu ni "cry bitterly", neno kwa neno.

Mtembeza wageni, Kirumba
Shikamoo Mwalimu. Makundi hayo yanasaidia, lakini yana mtego. Nilipojua kwamba "highly recommended" na "highly unlikely" ni sahihi, nilianza kusema "highly happy", na wageni wakawa wanatabasamu kwa adabu. Tangu hapo huandika daftarini maneno mawili pamoja, kamwe si kielezi peke yake. Aidha, yako maneno yaliyokwisha kuimeza "sana" tumboni, kama "enormous": ziwa letu lenye kilomita za mraba zipatazo 68,800 si "very enormous", ni "absolutely enormous".

Karani wa Ilemela
Nawashukuru nyote. Kesho namwandikia mteja mwingine ambaye mzigo wake umechelewa siku mbili. Niandike "we are deeply sorry"?

Mwalimu wa Nyegezi
Kisarufi ni sahihi, ila kwa siku mbili "very sorry" inatosha. Ukiandika "deeply", anaweza kudhani samaki wameoza.