Ni nini hasa huufanya mji kuwa mwenyeji mwema wa mashindano makubwa ya soka?

Mkazi wa Njiro, Arusha

Wanajukwaa, salaam kwenu nyote.

Tangu Septemba 2023, CAF, yaani Shirikisho la Soka Afrika, ilipozikabidhi Kenya, Tanzania na Uganda uenyeji wa pamoja wa AFCON (Kombe la Mataifa ya Afrika) ya 2027, mazungumzo ya hapa Arusha yamekuwa juu ya uwanja mpya wa Olmoti na hayatoki hapo: ujenzi umefikia wapi, paa litakaaje, viti 30,000 vitatosha au havitatosha. Furaha hiyo ninayo mimi pia, kwa sababu mji huu umeishi miaka mingi na Uwanja wa Sheikh Amri Abeid peke yake, ambao tunaupenda lakini hauwezi kubeba mashindano ya kiwango hicho.

Swali langu ni hili: uwanja ukishakamilika, ni nini hasa huufanya mji kuwa mwenyeji mwema? Wengi hapa hunijibu kwamba Arusha haina haja ya kufundishwa ukarimu, kwa kuwa tumepokea watalii na wajumbe wa mikutano ya kimataifa kwa miongo mingi. Jibu hilo halinitoshelezi. Mtalii hushuka Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro, hulala usiku mmoja mjini, kisha huondoka na gari lake kwenda Tarangire au Ngorongoro. Haijatokea siku ambayo watalii maelfu kwa maelfu walikwenda mahali pamoja saa ileile na kutoka saa ileile, na mechi kubwa ndivyo ilivyo. Ningeomba wanaoishi katika miji iliyokwisha kuandaa mashindano watueleze walichokiona kikifanikiwa na kilichoharibika, ili sisi ambao bado tuna muda tujue la kuuliza katika vikao vya mtaa na vya halmashauri ya jiji.

Mdau wa Temeke, Dar es Salaam

Ndugu yangu wa Njiro, umegusa penyewe. Nimekaa jirani na Uwanja wa Benjamin Mkapa tangu ulipofunguliwa mwaka 2007, na jambo ambalo ningewaomba watu wa Arusha walishike kabla ya mengine yote ni kwamba mji hupimwa katika kipande kile cha njia kilichopo kati ya kituo cha daladala na lango la uwanja. Mtu akishafika kwenye kiti chake, sehemu kubwa ya kazi imekwisha.

Uwanja wetu huchukua watu 60,000. Siku ya Simba na Yanga watu huanza kuteremka Uhasibu na Chang'ombe tangu asubuhi, na kwa saa kadhaa huingia taratibu bila shida yoyote. Hatari huja karibu na muda wa mchezo, wakati waliokwama kwenye foleni za magari wanapofika wote kwa pamoja, wana haraka, wanasikia kelele kutoka ndani, na wale wa nyuma hawaoni kinachotokea mbele. Tarehe 28 Mei 2023, Yanga ilipocheza na USM Alger mchezo wa kwanza wa fainali ya Kombe la Shirikisho la klabu za Afrika, watu walibanana langoni, mtu mmoja akapoteza maisha na wengine wengi wakajeruhiwa. Majukwaa yalikuwa imara kama yalivyokuwa siku zote; kilichokosekana ni utaratibu wa kuwapokea watu huko nje.

Kule Yaoundé, tarehe 24 Januari 2022, Uwanja wa Olembe ulikuwa mpya kabisa wakati Cameroon ilipocheza na Comoro katika hatua ya 16 bora ya AFCON, na watu wanane walikufa kwa kukanyagana wakiwa bado hawajaingia. Rais wa CAF, Patrice Motsepe, alieleza baadaye kwamba lango lililopaswa kuwa wazi lilikuwa limefungwa. Robo fainali iliyopangwa kuchezwa hapo ikahamishiwa Uwanja wa Ahmadou Ahidjo. Fedha zote zilizomwagwa katika jengo lile, na maisha ya watu yakategemea lango moja na yule aliyekuwa na mamlaka ya kulifungua.

Wala tusidhani kwamba huu ni udhaifu wa Afrika. Mwaka mmoja kamili kabla ya msiba wetu wa Temeke, tarehe 28 Mei 2022, fainali ya Ligi ya Mabingwa ya Ulaya kati ya Liverpool na Real Madrid ilicheleweshwa kwa dakika 36 mjini Saint-Denis, karibu na Paris. Mgomo katika njia moja ya reli ulisababisha mashabiki wengi mno wapitie kituo kingine, na njia ya kutoka kituo hicho ikawapeleka mahali pembamba palipowekwa ukaguzi wa kwanza wa tiketi. Watu waliokuwa na tiketi halali walisimama kwa saa nyingi, na baadhi yao wakapigwa mabomu ya machozi pamoja na watoto wao. Ripoti huru iliyotolewa Februari 2023 iliona kwamba mwenye kubeba lawama kubwa zaidi ni UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, wenyewe.

Kwa hiyo, vikaoni ulizeni mambo haya: ukaguzi wa kwanza wa tiketi utakuwa umbali gani kutoka langoni, ili anayerudishwa apate nafasi ya kurudi bila kupambana na wanaokuja, nani, kwa jina na cheo, anaruhusiwa kuamuru lango lifunguliwe, na mechi inaweza kucheleweshwa kuanza kwa idhini ya nani endapo nje bado kuna umati. Mimi naamini mwenyeji asiye na majibu ya maswali haya hayuko tayari, hata kama paa lake linang'aa.

Jirani wa Kasarani, Nairobi

Nakubaliana na ndugu wa Temeke, ila ningependa kurudi nyuma hatua moja. Vurugu za langoni huanza siku nyingi kabla ya mechi, pale tiketi zinapouzwa.

Sisi tulijifunza hilo Agosti 2025, wakati wa CHAN, mashindano ya mataifa ya Afrika kwa wachezaji wa ligi za nyumbani. Nairobi ilikuwa imesubiri sana: mwaka 2017 CAF ilituondolea uenyeji wa CHAN ya 2018 kwa sababu ya maandalizi yasiyoridhisha na kuipa Morocco, na kidonda hicho hakikupona haraka. Kwa hiyo mashindano yalipofika, mji mzima ulitaka kuingia. Watu wasiokuwa na tiketi walilazimisha njia na kupita katika malango ya Uwanja wa Kasarani, na baada ya Harambee Stars, timu yetu ya taifa, kuifunga Morocco bao 1-0 tarehe 10 Agosti, huku tukicheza pungufu ya mchezaji mmoja, CAF iliamua kwamba mechi yetu dhidi ya Zambia itazamwe na watu 27,000 tu, katika uwanja unaochukua takriban 48,000, na tiketi ziwe za kielektroniki peke yake. Aliyelipa na asiyelipa, sote tulibeba adhabu ileile.

Lawama kwa waliovamia ni ya haki. Lakini mji unaowajua watu wake hujua pia kwamba timu ya nyumbani inapofanya vizuri, watakaotaka kuwa karibu na mechi watazidi viti mara nyingi. Ujerumani, katika Kombe la Dunia la 2006, iliwapa watu hao mahali: skrini kubwa ziliwekwa katika viwanja vya wazi vya miji, na Berlin iliifungia magari barabara nzima iliyo mbele ya Lango la Brandenburg kwa ajili ya mashabiki. Sisi nasi tuna viwanja vya wazi mitaani. Kama kila mtaa mkubwa ungekuwa na skrini, vyoo, ulinzi na akina mama wanaouza chakula, vijana wengi wasingepanda matatu kwenda kujaribu bahati Kasarani. Ninasema haya kwa uchungu, kwa sababu vijana wale ninawafahamu, na wengi wao si wahalifu; walikuwa wanaipenda timu yao na hawakuwa na pengine pa kwenda.

Kuhusu barabara nitasema machache. Barabara ya Thika ni pana kuliko nyingi za ukanda huu, na bado siku ya mechi magari hukwama, kwa kuwa wote wanatafuta kutokea mahali pamoja. Upana wa barabara kuu hausaidii kitu ikiwa mlango wa kuiacha ni mmoja.

Mtanzania niliye Durban

Wapendwa, nimesoma kwa makini. Miji ya Afrika Kusini iliandaa Kombe la Dunia la 2010 na ina mambo ya kuigwa na ya kuepukwa, tena wakati mwingine katika mji uleule.

La kuigwa zaidi, kwa maoni yangu, liko Cape Town. Uwanja ulijengwa Green Point, na badala ya kuhangaika kuwafikisha watu wote hapo kwa magari, mji ulitenga njia ya waenda kwa miguu kutoka katikati ya mji hadi uwanjani, umbali wa takriban kilomita mbili na nusu. Njiani kulikuwa na muziki, chakula na askari, na wengi wasiokuwa na tiketi nao walitembea kwa ajili ya kushiriki tu. Kutembea kunapunguza kasi ya umati, kwa sababu wapo wanaosimama kula, wapo wanaopiga picha, wapo wanaotembea na wazee wao, na hivyo watu hufika langoni kwa vipindi. Treni na mabasi, kinyume chake, huwashusha watu mia kadhaa kwa mkupuo.

La kuepukwa lilitokea hapa Durban. Uwanja wa ndege wa King Shaka ulifunguliwa tarehe 1 Mei 2010, zikiwa zimebaki wiki sita tu. Siku ya nusu fainali kati ya Hispania na Ujerumani, tarehe 7 Julai, ndege binafsi za wakubwa zilizagaa katika maegesho na kukataa kuondoka, hata ndege za abiria zikakosa nafasi ya kutua. Mamia ya mashabiki waliokuwa na tiketi mkononi waliukosa mchezo wakiwa angani au katika viwanja vingine vya ndege. Uwanja wa Moses Mabhida ulikuwa tayari, hoteli zilikuwa tayari, ufukwe umejaa watu wenye furaha, na bado mji uliwaangusha wageni wake kwa sababu maegesho ya ndege hayakuwa na msimamizi mwenye uwezo wa kumwambia tajiri aondoe ndege yake.

Kwa watu wa Arusha, hilo si jambo la mbali. Wageni wenye ndege zao watatamani kutua kwenu na kuunganisha mechi na mbuga. Amueni mapema ndege hizo zitashusha abiria wapi na zitakwenda kulala wapi.

Mkazi wa Njiro, Arusha

Ahsanteni sana. Habari ya ndege imenishtua, kwa sababu Kilimanjaro iko takriban kilomita 50 kutoka mjini na barabara ya kuja huku ndiyo hiyohiyo ya Moshi. Tena wageni wetu wengi huenda wasije kwa ndege kabisa: Mkenya atapanda gari Nairobi na kupita mpakani Namanga, na kituo cha pamoja cha mpakani kitapokea wakati mmoja mabasi ambayo kwa kawaida hugawanyika kwa siku nzima. Sijasikia bado mtu yeyote akilizungumza hilo katika vikao tulivyohudhuria. Nitaliuliza. Je, ndani ya uwanja wenyewe hakuna la kuhofia?

Mwanamichezo wa Unguja

Lipo, na ni nyasi. Tarehe 25 Mei 2025 Simba ilipaswa kurudiana na RS Berkane katika fainali ya Kombe la Shirikisho mbele ya watu 60,000 pale Mkapa. Kwa sababu ya hali ya eneo la kuchezea, CAF iliuhamishia mchezo huo hapa kwetu Zanzibar, Uwanja wa Amaan, penye viti takriban 15,000. Sisi Wazanzibari tulifurahi kuipokea fainali, nami nilifurahi, lakini sitasahau kwamba maelfu ya mashabiki wa Dar es Salaam walikosa mchezo mkubwa kuliko yote ya klabu yao kwa miaka mingi, ilhali uwanja wao ulikuwa umesimama pale pale.

Abidjan nayo ilipata onyo. Septemba 2023, miezi minne kabla ya AFCON iliyochezwa huko, mchezo wa kirafiki kati ya Côte d'Ivoire na Mali katika uwanja mpya wa Ebimpé ulivunjwa wakati wa mapumziko kwa sababu mvua ilituama uwanjani. Walirekebisha, na uwanja huohuo ukachezewa mechi ya ufunguzi na fainali ambayo wenyeji waliishinda. Bahati yao ni kwamba maji yalituama Septemba. Arusha mna mvua nzuri na udongo unaoshika maji, kwa hiyo ulizeni kuhusu mifereji iliyo chini ya nyasi kabla hamjauliza kuhusu paa. Ulizeni pia viwanja vya mazoezi viko wapi, kwa kuwa kila timu huhitaji pa kufanyia mazoezi, na zisipopata, zitaukanyaga uwanja mkuu hadi uchoke.

Mdau wa Temeke, Dar es Salaam

Maneno ya ndugu wa Unguja ni ya kweli, na yananiuma. Naongeza moja. Msikubali uwanja wa Olmoti ujazwe kwa mara ya kwanza siku ya mechi ya AFCON. Ombeni mechi za ligi zipelekwe huko mapema, ya kwanza iuzwe tiketi 5,000, ifuatayo 15,000, kisha uwanja mzima, nyingine ichezwe usiku na nyingine siku ya mvua, na baada ya kila mchezo askari, madereva wa daladala, wauza chakula na watu wa hospitali ya mkoa waitwe katika kikao kimoja waseme walichokiona. Ndugu wa Njiro, ukipata nafasi ya kusimama katika kikao kijacho, anza na ombi hilo, kisha utuletee hapa majibu watakayokupa.