Safari ya Tanga: gumzo la kikundi cha "Wajukuu wa Mchangamdogo"

JUMANNE

[20:14] Rahma: Assalaam alaykum warahmatullah. Mushakula, mushaswali, sasa nisikilizeni. Safari ya Tanga kumuangalia Bibi Zuwena, ndugu yake Bibi yetu, ni Jumamosi HII. Boti ya saa moja asubuhi kutoka Unguja, Salum anatupokea Dar na gari, tunashika njia, tunaingia Tanga kabla ya Magharibi. Nani anakwenda, nani haendi? Nataka jibu la maandishi, sitaki dole gumba.

[20:15] Ami Juma: 👍

[20:15] Ami Juma: Nimetia tu nione utafanya nini

[20:21] Rahma: Ami 😤

[20:49] Rahma: Tupo watu 23 humu. 17 wameshasoma, nawaona.

[21:02] Shangazi Time: Waalaykum salaam. Mie nimo inshaallah. Mgonjwa vipi leo?

[21:05] Rahma: Leo kanywa uji. Sauti ndogo. Anauliza nani anakuja.

[21:06] Shangazi Time: Maskini roho yake

[21:31] Hafidh: [picha]

[21:31] Hafidh: Bakuli la urojo hili. Anayejua wapi nimekula namnunulia vocha

[21:33] Mwanaisha: Forodhani

[21:33] Hafidh: Wapi! Forodhani wanakula wageni

[21:34] Bikombo Wete: Jang'ombe hapo, naijua ile meza

[21:35] Ami Juma: Huyu bhajia zake zinaelea kama zimeshakata tamaa

[21:40] Rahma: Nyie

[21:40] Rahma: Nimeuliza kitu hapo juu

[21:52] Mwanaisha: Mie nakwenda lakini Jumatatu nna kazi saa moja na nusu. Tunarudi lini?

[21:53] Rahma: Kwanza twende.

JUMATANO

[07:10] Rahma: Waliothibitisha: Bibi, Shangazi Time, mimi, Nasra wa kumshika Bibi, Mwanaisha, Ami Juma (kama dole gumba ni jibu). Mchango wa mafuta na chakula cha njiani elfu 35 kila mtu, tiketi ya boti kila mtu yake. Vitambulisho musisahau, mwaka ule mtu karudishwa bandarini na kikapu chake cha sambusa kichwani.

[07:12] Ami Juma: Mtu huyo ana jina

[07:12] Rahma: Simtaji

[07:15] Shangazi Time: Alikuwa yeye Juma

[12:20] Salum Dar: Salaam familia. Noah ninayo, ya rafiki yangu, nimeshaiangalia matairi. Mukishuka saa tatu, mpaka mutoke na mizigo saa tatu na nusu. Tunashika Bagamoyo, tunakata Kiwangwa, tunatokea Msata. Mananasi ya Kiwangwa tutayachukua njiani humo humo, mgonjwa apate juisi.

[12:26] Ami Juma: Wewe Salum, Tanga inaendewa kwa Chalinze. Nimeendesha Fuso njia ile kabla hujazaliwa.

[12:28] Salum Dar: Ami nakuheshimu, lakini Kibaha mpaka Chalinze malori ya Morogoro, ya Dodoma, ya Zambia, yote yamo humo humo. Ukikaa nyuma ya tela Mlandizi umekwisha. Kwa Msata Chalinze hatuioni kabisa.

[12:31] Ami Juma: Na Wami? Daraja gari moja moja, huyu anapita yule anasubiri, na huko chini mto umejaa mamba. Tutaswali Adhuhuri juu yake na Alasiri juu yake.

[12:33] Salum Dar: Lile la mwaka 1959 halitumiki tena Ami. Tangu 2022 gari zinapita daraja jipya, pana, zinapishana.

[12:34] Ami Juma: Kumbe mie na lile daraja tumestaafu pamoja

[12:35] Hafidh: 😂😂😂

[12:35] Mwanaisha: Ami na wewe ujengewe mwengine pembeni, mpana

[12:36] Shangazi Time: Hahaha. Salum njia hiyo ina matuta? Mgongo wa Bibi mnaujua.

[12:41] Salum Dar: Matuta yapo kila penye kijiji, nitakwenda pole pole. Na kila kijiji kina kibao cha 50 na askari wa tochi kajikalia chini ya mwembe. Faini elfu 30. Atakayeniambia "kaza mguu Salum" atailipa yeye. Kilomita 350 kwa makadirio, masaa matano au sita, foleni ya Tegeta sijaitia.

[12:44] Rahma: Kwa hiyo: Msata saa sita, Segera saa nane, tunaswali Segera tunajumuisha, Muheza saa tisa, Tanga saa kumi. Imekubaliwa?

[13:30] Rahma: Imekubaliwa?

[14:05] Shangazi Time: Muheza mukipita bila kusimama kwa Kombo tutasemwa mpaka Kiama

[14:06] Rahma: Shangazi, kwa Ami Kombo hakuna kusimama robo saa. Pale unaingia kwa salamu unatoka na kuku hai.

[14:07] Ami Juma: Na gunia la machungwa juu ya mapaja

[14:10] Shangazi Time: Basi mpigieni simu muombeni radhi mapema. Mie sipigi.

[17:22] Bikombo Wete: Mimi siwezi kuja, mtoto ana mitihani, lakini nna tivii ya kumpelekea Mwanakhamis Tanga, mpya ndani ya boksi. Naileta na boti ya Ijumaa, muipakie.

[17:25] Rahma: Hapana Bikombo. Bandarini Dar wataulizia risiti ya ushuru, na sote tutasimama pale tunaitazama tivii yako mpaka saa sita.

[17:26] Bikombo Wete: Ifunikeni kanga

[17:26] Rahma: HAPANA. Lete halua ya Wete, Bibi Zuwena kaiulizia kwa jina.

[17:30] Shangazi Time: Mie nna mikate ya kumimina, visheti na papa mkavu. Nitatia kwenye mifuko ya rambo mitatu tu.

[17:31] Rahma: Shangazi! Rambo imekatazwa hapa na bara, kule tangu 2019. Watakuvulia pale pale kwenye ngazi. Pakacha.

[17:33] Shangazi Time: Papa kwenye pakacha ndani ya gari iliyofungwa vioo masaa sita?

[17:33] Ami Juma: Askari wa tochi hawatatusimamisha wallahi, watatupungia mikono

[21:46] Hafidh: Wazo langu. Kwanini tusipande meli ya usiku mpaka Pemba, tukalala humo humo, halafu tukavuka Tanga? Nauli ndogo, mizigo yote inaingia, tivii, papa, kila kitu. Bara hatulazimiki kuendesha

[21:48] Rahma: Hafidh futa hiyo

[21:48] Hafidh: Kwani nimesema nini?

[21:48] Rahma: Futa.

[21:50] Nasra: Da Rahma nimeshamsomea Bibi. Nilikuwa namsomea zote

[21:57] Nasra: Bibi anasema niandike hivi hivi: "Meli ya usiku sipandi. Na hapandi mtu aliyetoka kwangu. Tangu Septemba ile meli ilipozama nimesema mara moja, leo ya pili. Nisiambiwe niseme ya tatu."

[21:58] Hafidh: _Ujumbe huu umefutwa_

[22:40] Ami Khamis: Sawa mama.

[22:52] Shangazi Time: Mtoto alikuwa mdogo, hajui. Laleni.

ALHAMISI

[06:35] Rahma: Subhul kheir. Boti ya saa moja ya asubuhi, Jumamosi, tumemaliza habari ya usafiri. Kusi linavuma, wanaochafukwa na bahari wakae chini, nyuma, katikati. Ndimu na tangawizi kila mtu aje na zake. Pesa nimepokea kwa Shangazi na Mwanaisha tu.

[06:50] Ami Juma: Zangu zipo njiani

[06:50] Rahma: Njia gani, ya Chalinze?

[06:51] Hafidh: 😂

[06:52] Rahma: Ami Khamis, jana umeandika, alhamdulillahi. Na wewe nikuwekee kiti? Noah ina viti vinane na dereva. Kimoja kipo wazi.

[09:14] Rahma: Ami Khamis?

[13:47] Ami Khamis: Nimesoma yote tangu juzi. Mimi siendi.

[13:49] Shangazi Time: Khamis

[13:52] Ami Khamis: Niende nikamwambie nini? Mimi nimepalilia mikarafuu ile mwaka mzima kwa mikono yangu hii. Nimekwenda na ngazi na magunia, nimekuta watu siwajui juu ya miti, wananionyesha karatasi. Imekodishwa. Nani kaulizwa? Hata simu. Leo naitwa nikashike mkono wa mgonjwa.

[13:54] Shangazi Time: Alikodisha mwanawe, si yeye

[13:55] Ami Khamis: Na dole gumba kwenye karatasi ni la nani?

[13:58] Ami Juma: Rahma si kasema hataki dole gumba

[13:59] Shangazi Time: Juma nyamaza

[14:00] Ami Juma: Nimenyamaza

[14:03] Mwanaisha: Samahani, ile karatasi ilikuwa ya msimu mmoja au miwili? Maana baba aliniambia miwili

[14:04] Rahma: Mwanaisha, SIYO LEO

[14:05] Mwanaisha: Nauliza tu

[14:09] Ami Khamis: Mitatu. Na baba yako alijua.

[14:10] Rahma: Jamani tuna mgonjwa. Naombeni turudi kwenye safari. Nani ana kimto cha shingo, kile cha kulalia ndani ya gari, kwa ajili ya Bibi?

[14:11] Hafidh: Mimi ninacho ila cha rangi ya waridi chenye masikio ya paka

[14:11] Ami Juma: [sauti, 0:09]

[14:12] Hafidh: Ami umecheka sekunde tisa zote??

[16:30] Rahma: Watu wa upande wa Mombasa ya hapa Unguja na Fuoni munasoma na kunyamaza. Hamtoi pesa, hamsemi siji. Nitajuaje?

[19:58] Nasra: Da Rahma, Bibi kaniuliza kimya cha leo cha nini. Nikamsomea

[19:59] Rahma: Yote?

[19:59] Nasra: Kasema yote

[20:06] Nasra: Anasema niandike: "Khamis. Ulipopata surua nani alikubeba mgongoni kutoka Mchangamdogo mpaka Wete, kwa miguu, mvua ya masika inanyesha? Usinijibu. Mikarafuu ile aliniachia baba yangu mimi na Zuwena, nitayasema mimi na yeye tukikaa wawili. Nyie haikuhusuni. Jumamosi utakaa nyuma yangu unishikie mkoba."

[20:06] Nasra: Ndo mwisho. Kaingia kuswali

[21:15] Rahma: 🤲

IJUMAA

[08:02] Rahma: Tiketi nimekata sita kwa majina. Ya saba sijakata, wanaangalia jina na kitambulisho, siwezi kumuandika mtu ambaye hajasema. Ami Khamis, kaunta inafungwa jioni.

[08:40] Fundi Omar: Salaam. Mie na mama watoto tunakuja. Watatu, na mdogo wa nne.

[08:41] Rahma: Omar!! Tangu Jumanne ulikuwa wapi?

[08:43] Fundi Omar: Nilikuwa nasubiri muelewane

[08:44] Salum Dar: Hapo Noah haitoshi. Mwenye gari ana Noah ya pili, lakini ina tatizo la AC, na anataka jibu leo. Coaster ipo pia, ila bei yake haina maana kwa watu kumi.

[08:46] Mwanaisha: Na kurudi? Mie nimeuliza tangu Jumanne

[08:49] Rahma: Jumapili tunatoka Tanga baada ya Alfajiri, tunawahi boti ya jioni.

[08:50] Shangazi Time: Bibi hatoki Tanga Jumapili. Mie namjua mama yangu. Atakaa wiki.

[08:51] Rahma: Wiki?? Na nani anabaki naye?

[08:51] Nasra: Mimi nna chuo

[08:58] Rahma: Hilo tutalizungumza ndani ya boti.

[11:20] Bikombo Wete: Halua imeondoka na boti, pakacha dogo limefungwa kamba nyekundu, kwa jina la Rahma. Ukifika Malindi bandarini waulize watu wa mizigo. Tivii imebaki. Nimeudhika kidogo.

[11:24] Rahma: Ahsante Bikombo. Mie mchana nipo kazini, nani anaweza kwenda Malindi?

[12:10] Rahma: Nani anaweza kwenda Malindi jamani, halua hiyo

[13:02] Rahma: Hafidh wewe uko mjini

[15:44] Hafidh: Ndo naamka

[16:01] Rahma: Ijumaa hii umelala mpaka saa kumi? Umeswali wapi wewe?

[16:02] Ami Juma: Swali zuri

[17:35] Ami Khamis: Pakacha nimelichukua. Lipo kwangu.

[17:36] Shangazi Time: Alhamdulillah

[17:36] Rahma: Ahsante sana Ami. Kwa hiyo unakuja nalo bandarini asubuhi au nije kulichukua kwako usiku?

[17:50] Ami Juma: Mimi nimetuma elfu 20, 15 iliyobaki nitaitoa Segera nikishiba

[18:20] Rahma: Ami Khamis, nikukatie?

[19:40] Shangazi Time: Papa nimemuacha. Musiulize, nimekasirika. Nimetia ngisi wakavu badala yake.

[19:41] Ami Juma: Harufu ni ile ile Time

[20:12] Salum Dar: Rahma nipe idadi. Noah ya pili nichukue au nisichukue? Mwenyewe ananisubiri mpaka saa nne.

[20:13] Rahma: Omar na watu wake jumla wanne, sisi sita, Ami Khamis sijui.

[20:13] Fundi Omar: Tukikosa gari sisi tutapanda basi Mbezi, musituhofie

[20:14] Rahma: Na Bibi aseme nini akiona mumepanda basi? Salum nipe robo saa nimpigie Ami.

[20:31] Rahma: Hapokei. Nasra, Bibi kalala?

[20:33] Nasra: Hajalala. Anatia kanga kwenye mkoba, zote mpya. Nimwambie?

[20:33] Rahma: Usimwambie

[21:47] Salum Dar: Rahma?

[21:55] Salum Dar: Nimelipia nusu ya hiyo ya pili. AC tutafungua vioo. Kama hamuijazi, hela yangu munarudisha.