Mita ya umeme: koridoni ama kwenye lango la parseli?

Mama Ndosho (Goma)
Jambo wote. Namalizia nyumba ya matofali nyuma ya ile ya mbao tunayokaa sasa. Parseli yetu ni ndefu, toka barabarani hadi nyumba mpya ni kama metre 40. Fundi wangu anataka mita ikae koridoni, juu ya mlango wa chumba changu, wezi wasiifikie, na waya upite juu ya bati la nyumba ya mbao. Kijana wa kampuni alipokuja kuangalia akakataa, eti iwekwe ukutani kando ya lango. Sasa wananivuta huku na huku, na mimi ndiye nalipa wote. Kuna sheria, ama kila mtu anajiamulia? Nyumba ya mbao nitaipangisha. Halafu ile waya ya ardhi, ya kupeleka umeme unaovuja udongoni, fundi aligonga chuma mpaka kikapinda. Mnajua chini yetu ni mawe ya volkano.

Fundi wa Nguba (Bukavu)
Mama, pole na ujenzi. Kijana wa kampuni ana haki.

Waya unaotoka kwenye poto (nguzo ya umeme) hadi swichi yako kuu hauna kitu chako kinachoulinda. Nyaya zake zikigusana humo njiani, swichi yako haitajua lolote. Kinachoweza kukata ni fyuzi ya kule juu kwenye poto, kama ipo na kama hakuna mtu aliyeifunga kipande cha waya mahali pake. Ndiyo maana sehemu hiyo inatakiwa iwe fupi, ionekane, na isitembee ndani ya dari wala juu ya nyumba nyingine.

Huku Kadutu nyumba zimepandana mlimani, waya mmoja unavuka mabati ya majirani watatu. Nina kipande kwenye sanduku langu la kazi nilichokitoa juu ya bati. Ngozi nyeusi imelika upande mmoja tu, aluminiumu inang'aa, mahali bati lilipokuwa linasugua kila upepo ukivuma. Waya wa namna hiyo ukilala juu ya nyumba ya mbao yenye wapangaji, mimi nisingelala.

Kuhusu sheria: mafundi wengi wa kwetu tumefundishwa kwa kanuni za Kifaransa. Ile ya kuunganisha nyumba na umeme wa kampuni, NF C 14-100, inasema hivi: ikiwa toka mpaka wa parseli hadi ndani ya nyumba inapita metre 30, mita na swichi yake zinabaki kwenye mpaka. Wewe una 40. Kishikio cha swichi kiwe kati ya metre 0,90 na 1,80 toka chini, mtu aifikie bila kupanda kiti.

Lakini ujue gharama inakuja kwako: kuanzia mita kwenda ndani, kabo (waya mnene) ni yako. Usikubali wakuwekee ya mm² 6. Ukivuta ampea 32 kwa metre 40, karibu volti 10 zinapotelea njiani, na huko Goma jioni volti zenyewe hazijajaa. Nunua ya shaba mm² 10, hata 16 kama mfuko unaruhusu, uipitishe ndani ya tuyo (bomba).

Mukongomani wa Iowa
Nafanya kazi ya ujenzi huku Marekani. Mita inakaa nje, msomaji hagongi mlango. Kitabu chao cha kanuni za umeme kinataka waya wa juu upite angalau metre 3,7 juu ya njia ya gari ya nyumbani, 5,5 juu ya barabara ya malori, na uwe mbali na dirisha linalofunguka kwa metre 0,9. Tangu toleo la 2020 nyumba mpya lazima iwe na swichi ya kukatia nje, ili wazimamoto wasiingie kuitafuta ndani ya moshi. Jambo jingine dogo: kabla waya haujaingia kwenye bomba, wauache ulegee kwenda chini kisha upande. Mvua itadondokea hapo, haitafuata waya mpaka ndani ya mita.

Mtoto wa Katuba (Lubumbashi)
Maneno mazuri, ila Iowa si Congo. Huku L'shi ukiacha mita nje wazi, kesho jirani amekwisha kujiunganishia. Tengeneza sanduku la chuma lenye kioo kidogo cha kusomea. Na ufunguo usikae na baba peke yake! Akiwa safarini na nyumba inawaka, itakuwaje?

Mama Ndosho
Aksanti sana. Na mawe? Na wapangaji? Halafu shemeji ananishauri nichukue kampuni mbili, moja ikikata nyingine inashika.

Fundi wa Nguba
Mawe kwanza. Achana na chuma cha kupigilia. Tafuta mahali penye udongo kidogo, kwenye migomba kwa mfano, chimba mtaro mrefu, ulaze humo waya mtupu wa shaba mm² 25, ufukie kwa udongo, si kwa kokoto za lava. Ukipima ohmu, yaani jinsi udongo unavyozuia umeme kupita, hautapata namba nzuri kama za Bukavu. Kwa hiyo diferansiyeli (swichi inayokata yenyewe umeme ukivuja) ya miliampea 30 ni lazima: hiyo hata ardhi ikiwa na ohmu mia kadhaa bado inakata. Ile ya 500 inadai ardhi isiyozidi ohmu 100, na juu ya lava hiyo ni ndoto.

Wapangaji: wape swichi yao na mita ndogo ya pembeni, zote baada ya mita yako. Mtu asiunganishe kitu kabla ya mita yako.

Kampuni mbili inawezekana, lakini lazima swichi ya kugeuza, ile yenye upande huu, katikati sifuri, upande ule. Mafundi wengine wanaweka swichi mbili za kawaida na kukuambia «usiwashe zote pamoja». Siku mtoto akiziwasha zote, umeme wa kampuni moja unarudi kwenye waya wa nyingine, na yule aliyepanda poto akijua hakuna umeme ndiye anakufa.

Lango limekwisha kujengwa?

Mama Ndosho
Bado, mwashi anaanza juma lijalo.

Fundi wa Nguba
Basi mwambie aache nafasi ya sanduku ukutani, na tuyo mbili ndani ya saruji: moja ikitoka juu, moja ikielekea nyumbani. Kutoboa ukuta wa mawe baadaye ni bei nyingine.