Ushauri: kichwa hakitulii, wenzangu wa Dar mnatuliza wapi akili bila gharama?

Mkaazi_Kimara

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri wa dhati, hasa kwa mnaoishi hapa mjini.

Nina miaka 36, mke na watoto wawili, nafanya uhasibu kwenye ofisi moja pale Posta. Mshahara hautoshi lakini unaingia, watoto wazima, nyumbani kuna amani. Tatizo ni kichwa. Tangu masika yaishe sijatulia. Asubuhi nagombania basi la mwendokasi, mchana nakula huku najibu meseji, jioni nagombania tena, na nikifika nyumbani ni simu mpaka usiku wa manane. Hakuna hata ninachokitafuta humo: magrupu ya kazi, mpira, ugomvi wa watu nisiowajua.

Juzi nimemaliza kula, mke wangu akaniuliza kama nazi imekolea. Nikashindwa kumjibu. Alikuwa amepika samaki changu wa nazi, chakula ninachokipenda tangu utotoni, na sahani imeisha sijasikia ladha yake. Alinyamaza tu akatoa vyombo. Iliniuma sana.

Presha nimepima, iko sawa. Pombe situmii. Wapo wanaoniambia nikapumzike Zanzibar wikendi, lakini hela hiyo ni ada ya mtoto. Ninachouliza ni siku za kawaida. Jumanne, Jumatano, mtu ametoka kazini amechoka: mnafanya kitu gani kidogo, cha hapahapa, moyo ukatulia?

Mtu_wa_Feri

Pole sana kijana wangu. Kazi yako iko Posta, kwako Kimara, maana yake kila jioni unaipa bahari mgongo na kuondoka.

Chagua siku moja ya wiki. Ukitoka kazini tembea kwa mguu mpaka Kivukoni, panda pantoni, vuka Kigamboni, kisha urudi nayo. Nauli yake haifiki hata ya daladala. Usikae ndani ya foleni ya magari, simama pembeni upepo ukupige. Meli kubwa ikiwa inaingia bandarini, pantoni inasubiri ipite, na nyote mliomo mnasubiri: bosi, mama wa samaki, kijana wa bodaboda. Hakuna wa kupiga honi, hakuna njia ya mkato. Mimi nadhani watu wa mji huu tunaumwa kwa sababu hatuna tena mahali ambapo haraka haisaidii, na pale feri pamebaki. Ukirudi, mwendokasi linaanzia palepale Kivukoni, kwa hiyo unakwenda Kimara umekaa kwenye kiti.

Jumamosi mpeleke mama watoto na wanao ufukwe wa Coco, ila angalia mwezi kwanza. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, ndiyo bamvua, maji yanajaa sana na kupwa sana. Siku hizo maji yanajaa kwenye saa kumi, saa kumi na moja ya alasiri, na asubuhi ya saa nne yamekupwa mpaka miamba iko nje. Kila siku yanachelewa kama dakika 50, hivyo baada ya wiki hivi mambo yanageuka: ni maji mafu, hayajai sana wala hayapwi sana, na alasiri ndiyo yanakuwa yametoka. Ukitaka kukaa mnatafuna mihogo na pilipili mbele ya mawimbi, nenda alasiri ya bamvua. Ukitaka watoto waokote simbi na kuchungulia kaa kwenye vidimbwi, nenda asubuhi yake. Wafundishe na wao kuyahesabu maji. Wataanza kukukumbusha wenyewe mwezi uko wapi, na ukitazama mwezi hutazami simu.

Dada_wa_Kwaya

Kaka, simu iache sebuleni ukienda kulala. Nunua saa ya mezani ya kengele, ya bei ndogo tu. Mimi jioni mbili kwa wiki nipo mazoezi ya kwaya, sauti ya pili. Ukiwa unasikiliza jirani yako asikutoe kwenye noti huwezi kuwaza deni.

Fundi_GLamboto

Nawaheshimu wote waliotangulia, lakini tusimdanganye mwenzetu. Wengi wetu hatukosi pantoni wala upepo, tunakosa muda. Ninatoka karakana saa mbili usiku, nina watu nyuma yangu wanaonitegemea. Kwanza amwambie bosi wake kwamba baada ya saa kumi na mbili hajibu meseji za kazi, ndipo hayo mengine yatapata pa kukaa. Bila hivyo hata akikaa Coco simu itamfuata mfukoni.

Mtu_wa_Feri

Fundi, umesema kweli na nakuunga mkono. Hilo la bosi lianze.

Kete_Namua

Mkuu, tafuta kijiwe cha kahawa karibu na kwako. Kikombe kidogo, kipande cha kashata, na bao. Bao ni mashimo 32, kete 64, na mkono wako mmoja, yaani zamu moja, unaweza kuzunguka mpaka watu wakaacha kuongea wakihesabu na wewe. Mwanzoni usicheze, kaa tu utazame wazee. Kuna mzee kwetu Magomeni kabla hajatia kete anazikung'uta kiganjani, anazisikiliza, ndipo anatembea. Hakuna anayemharakisha. Ukitoka pale umecheka na watu ambao hawajui cheo chako.

Nesi_Temeke

Kahawa ya usiku kwa mtu ambaye tayari halali, hapana kaka yangu. Bao acheze, anywe chai ya mchaichai au tangawizi.

Mtoa mada, naomba unisikilize kwa upole. Kuchoka na kukosa utulivu ni kitu kimoja. Kukosa raha kabisa kwenye vitu ulivyovipenda, karibu kila siku kwa wiki 2 au zaidi, pamoja na usingizi kuharibika, kula kubadilika, kujiona huna thamani au kuwaza kufa, hicho ni kitu kingine, na kina matibabu. Ukijiona humo usisubiri bahari ikutibu. Nenda kituo cha afya, mweleze daktari hivyohivyo ulivyotueleza sisi kuhusu samaki wa nazi. Muhimbili kuna idara ya afya ya akili, na wanaokwenda pale ni watu wa kawaida kama wewe. Ushauri wa wengine hapa ni mzuri, endelea nao sambamba.

Kijana_Samora

Na mchana je? Ofisi yangu iko hukohuko mjini. Chakula changu nakibeba kwenye hotipoti, nakwenda kukaa Bustani ya Mimea, jirani na Makumbusho ya Taifa. Imepandwa tangu wakati wa Wajerumani, mwaka 1893, na miti yake ni mikubwa, mtu unasahau kama barabara iko hapo nyuma. Tausi wanapita zao. Nusu saa inatosha.

Mama_Asumini

Mwanangu, waliosema wamesema, mimi naongeza la nyumbani, maana mkeo naye anahitaji kukuona.

Panda asumini mlangoni. Alasiri vikonyo vyake vimefumba, vyeupe, vigumu kidogo ukivishika. Magharibi vinafunguka na harufu inaingia mpaka chumbani. Vichume kabla havijafunguka, kaeni wawili mvitunge kwa uzi. Kidole kinataka macho, macho yanataka utulivu, ukivuta kwa nguvu kikonyo kinakatika. Mkitunga mtaongea, au mtanyamaza pamoja, yote mawili mema. Mwekee kwenye nywele mwenyewe.

Mkaazi_Kimara

Nimewasoma wote, asanteni sana, nimeguswa. Fundi, kesho naongea na ofisi kuhusu meseji za usiku. Nesi, nimesoma maneno yako mara mbili, nitakwenda kituo cha afya wiki hii, mke wangu amesema tutakwenda wote. Pantoni nimeipangia Jumatano.

Mama, swali. Tumepanga, uwanja una sakafu ya saruji, hakuna ardhi. Asumini itakubali kwenye ndoo? Na watoto wangependa kupanda kitu cha kwao.

Mama_Asumini

Itakubali. Ndoo ya lita 20, toboa matundu chini, weka kokoto kidogo, kisha udongo uliochanganywa na mchanga na samadi iliyooza. Omba tawi kwa jirani, lisiwe changa wala gumu sana, urefu wa shibiri. Toa majani ya chini, chomeka, weka kivulini na umwagilie kidogo kidogo. Likichipua majani mapya lihamishie juani, asumini bila jua haitoi maua.

Watoto wape mchicha. Unaota upesi, ndani ya wiki 3 hadi 4 wanachuma, na mboga waliyoipanda hawaikatai mezani. Kata gunia la mchele nusu, jaza udongo, mbegu wazinyunyize juu juu na kufunika kidogo tu. Maji asubuhi na jioni kwa kopo lenye matundu, wasimwage kwa jagi, mbegu zitahama. Ukikosa tawi huko Kimara niambie, mimi nipo Sinza, langu linahitaji kupunguzwa.