Mrejesho: mawe ya kupaka rangi na kuficha Newlyn, sasa hayabanduki

Wadau, niliuliza kwa nini rangi ya mawe tunayoyachora na kuwafichia majirani wayatafute, hapa Newlyn, bandari ya uvuvi ya Cornwall, Uingereza, inabanduka na vanishi kuwa nyeupe kama maziwa. Mlisema ni chumvi na unyevu. Ndivyo ilivyo.

Mawe ya ufukweni tumeachana nayo. Chumvi iliyomo huvuta maji na kuinua rangi, na tena Sheria ya Kulinda Pwani ya 1949 inazipa mamlaka uwezo wa kupiga marufuku kuyazoa. Tunanunua mawe laini ya bustani, ya kutosha kiganja. Yaoshe kwa sabuni, suuza, yaache ndani ya nyumba siku mbili. Usiyatie kwenye oveni: maji ya ndani yakiwa mvuke, jiwe hupasuka.

Kisha paka rangi nyeupe ya akriliki, mikono (yaani tabaka) miwili, chora, subiri saa 24. Vanishi ni ya nje, mikono mitatu myembamba, pande zote hadi chini. Upande ulioachwa ndiko maji huanzia. Ukipaka nzito au siku ya ukungu, weupe utarudi. Ukichora kwa kalamu, wino husambaa chini ya brashi, hivyo mkono wa kwanza wa vanishi uwe wa kupuliza.

Pambo za kumetameta na macho ya plastiki hapana kabisa, huishia baharini.

Ficha juu ya alama ya maji kujaa, mbali na nyavu, kamba, gati na nyasi zinazokatwa kwa mashine.