Nnaondoka Wete kwenda kusoma Ujerumani miaka miwili: nianze na lipi?

Kijana_Utaani
Assalaam alaykum. Nimepata nafasi ya shahada ya uzamili Ujerumani, masomo yanaanza Oktoba. Sasa ni Aprili na paspoti bado sina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mohamed, vyeti vya kidato cha nne na cha sita vinasema Mohd, ZanID (kitambulisho cha Mzanzibari) inasema Mohammed. Fedha za kujikimu familia inazo. Nina kijishamba cha mikarafuu nakiacha nyuma. Naomba mpangilio: lipi kwanza, lipi lisubiri, na begini nitie nini?

KaraniWaZamani
Waalaykum salaam. Usiguse chengine kabla hujamaliza hilo jina. Kwetu hao watatu ni mtu mmoja, lakini afisa wa viza analinganisha herufi kwa herufi, na herufi zikipishana kazi ya kuthibitisha inakuangukia wewe.

Cheti cha mtihani ndicho kigumu kuliko vyote kubadilisha, kwa hivyo usipoteze muda huko. Nenda ofisi ya usajili wa matukio ya kijamii ya wilaya, uhakikishe cheti cha kuzaliwa na ZanID vinasema kitu kimoja. Kisha wakili akuandikie kiapo kwamba Mohd wa vyeti vya skuli na Mohamed wa cheti cha kuzaliwa ni mtu mmoja. Kiapo kitaje namba ya kila cheti; kisichotaja namba ni karatasi tupu. Kiwe na Kiingereza, na asilia zake uzichukue mbili au tatu, maana moja itabaki kwenye faili la mtu.

Hapo ndipo uombe paspoti Uhamiaji. Ada yake ni shilingi 150,000 na inadumu miaka 10. Jina la babu ndilo litakaloingia sehemu ya jina la ukoo, kwa hivyo Wajerumani watakuita kwa jina la babu yako, zoea tu. Barua ya chuo, bima, akaunti na tiketi vyote viandikwe kama paspoti ilivyo. Kama chuo kimeshakuandika Mohd, waandikie sasa wabadilishe, usingoje kufika.

Na kama una mke utakayemfuatisha baadaye, cheti cha ndoa kipitie njia hiyo hiyo. Wanawake wetu hawabadilishi jina wakiolewa, kwa hivyo hicho cheti ndicho kitakachowaunganisha kwenye karatasi.

Hesabu_Chake
Naongeza upande wa pesa, maana huko ndiko wengi wanakokwama.

Unayoomba ni viza ya muda mrefu, ada yake euro 75. Usijaze fomu ya Schengen, ile ni ya siku 90. Ubalozi utataka uthibitisho wa pesa za mwaka mzima, na njia ya kawaida ni akaunti maalumu ambayo pesa hufungiwa humo, kisha unapewa sehemu kila mwezi. Kwa wanafunzi kiwango kilichoanza Septemba 2024 ni euro 11,904, yaani 992 kwa mwezi. Angalia kama hakijapanda siku unayotuma.

Kosa la kawaida ni kutuma kiasi hicho kamili. Benki za katikati hukata chao njiani, zinafika 11,870, na barua ya uthibitisho haitoki mpaka upungufu ujazwe. Tuma na ziada ya euro 100 hivi, na uiombe benki gharama zote zikatwe upande wako.

Jengine: ukifika, zile 992 hazitoki siku ya kwanza. Kwa kawaida unatakiwa kwanza uwe na akaunti ya kawaida ya huko, na benki nyingi zitakuuliza anuani uliyosajili. Kujisajili manispaa ni ndani ya wiki mbili tangu kuhamia, na unahitaji karatasi ya mwenye nyumba kuthibitisha unaishi kwake. Hoteli mara nyingi hazitoi. Dhamana ya chumba nayo kisheria inaweza kufika kodi ya miezi mitatu. Kwa hivyo uwe na euro 1,500 za pembeni, nje ya zile zilizofungiwa. Hizi si za hiari.

Bima: chini ya miaka 30 unaingia bima ya umma kwa bei ya mwanafunzi, lakini inaanza na usajili wa chuo. Wiki za mwanzo zikatie bima ya safari.

Bandarini
Miadi ya viza itafute mara tu paspoti ikitoka, hata kama pesa bado hazijafika. Ubalozi upo Umoja House, Dar es Salaam. Kama tarehe itaangukia Julai au Agosti, hiyo ni kusi. Boti zinaweza kuahirishwa. Vuka siku mbili kabla, usivuke asubuhi ya miadi.

Shamba: muachie mtu hati ya uwakilishi iliyosainiwa mbele ya wakili, itaje shamba lilipo, nani achume, na kwamba ana idhini ya kuuza karafuu ZSTC (shirika la biashara la serikali ya Zanzibar) na kupokea malipo. Maneno ya mdomo yanatosha mpaka ndugu wawili wagombane.

Laini ya simu usiiache ife. Benki inatuma namba za siri huko, na laini isiyotumika muda mrefu hufungwa. Washa huduma ya kutumia nje ya nchi kabla hujaondoka, na ujaribu kupokea ujumbe.

Kijana_Utaani
Shukrani sana. Na begi? Mama anataka nichukue samli, asali na samaki wakavu.

Bandarini
Samli iache, vitu vya maziwa na nyama haviingii Umoja wa Ulaya. Asali mwisho kilo 2. Samaki wakavu wanaruhusiwa hadi kilo 20, ila wafunge vizuri kwa ajili ya wenzako ndegeni. Matunda yanataka cheti cha afya ya mimea, isipokuwa nanasi, nazi, ndizi, tende na doriani. Doriani sheria inamruhusu, shirika la ndege ndilo litakalomkataa.

Plagi zetu za miguu mitatu haziingii kule. Nunua adapta mbili za miguu ya duara hapa hapa. Koti la baridi nunua huko.

KaraniWaZamani
Chanjo ya homa ya manjano pia, angalau siku 10 kabla ya safari. Ujerumani hawaiulizi, lakini ukirudi kupitia Addis Ababa au Nairobi na ukakaa zaidi ya saa 12 utaulizwa kadi hapa nyumbani. Inachomwa mara moja tu, kadi inafaa maisha.